Klaus Wachsmann: Mhifadhi wa Sauti

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda Busia au Malaba kurekodi nyimbo hana budi kuyafahamu maisha ya Klaus Wachsmann.

Wachsmann alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1907. Alisomea muziki mjini humo, na miongoni mwa walimu wake alikuwemo Erich von Hornbostel, msimamizi wa hifadhi mashuhuri ya sauti. Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, alifungiwa milango ya masomo kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Alikimbilia Uswisi, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1935, kisha akajifunza lugha za Kiafrika London. Mwaka 1937 aliwasili Uganda.

Kuanzia 1948 hadi 1957 alisimamia Makumbusho ya Uganda, Kampala. Hakuridhika na ala zilizokaa kimya kabatini. Aliwaajiri wanamuziki wazipige mbele ya wageni. Kati ya 1949 na 1954 alizunguka nchini akinasa sauti, akakusanya rekodi zipatazo 1,500 za jamii mbalimbali, Wateso wakiwemo. Aliambatanisha rekodi hizo na maandishi yake ya nyanjani.

Hapo ndipo kazi yake inapotugusa sisi wa upande wa Kenya. Mwaka 1902 Waingereza waliumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso wa Malaba na Wasamia wa Busia wakajikuta wamegawanywa, ilhali lugha na nyimbo zao hazikugawanyika. Adeudeu, kinubi cha Wateso, hupigwa pande zote mbili. Anayezitafuta rekodi kwa jina la nchi pekee atauacha nusu ya urithi. Lugha, jamii, mahali na jina la msanii ndivyo vitambulisho vya kweli.

Wachsmann baadaye alifundisha Marekani, akafariki mwaka 1984. Rekodi zake zilihifadhiwa London, na mwishoni mwa miaka ya 2000 nakala zake zilirejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. Wajukuu wa waimbaji wakapata nafasi ya kuwasikia wazee wao.

Funzo kwetu ni bayana. Uhariri wa sauti ufanywe kwenye nakala, rekodi asilia isiguswe kamwe. Anayekata vigelegele, kikohozi na viitikio ili wimbo usikike safi ameifuta hadhira, na fasihi simulizi bila hadhira ni nusu ya fasihi. Tunachokiona leo kuwa kelele huenda kesho kikawa ndicho ushahidi unaotafutwa.