Marian Rejewski alijua ndani ya mashini bila kuifungua

Leo tunawaeleza maisha ya mutu mumoja wa Polandi, jina lake Marian Rejewski. Hakuwa mchimbaji, lakini kazi yake sisi tunaielewa vizuri: kujua kile kiko ndani kwa kuangalia kile kinatoka inje.

Rejewski alizaliwa tarehe 16 Agosti 1905 katika mji wa Bydgoszcz. Baba yake alikuwa anauzisha tumbaku. Alisoma hesabu kwenye iniversite ya Poznań. Mwaka 1929 jeshi la Polandi lilifungua pale masomo ya siri, juu ya kuvunja maandishi ya mafumbo. Rejewski akaingia, pamoja na Jerzy Różycki na Henryk Zygalski. Mwaka 1932 wote watatu wakashika kazi ile Warszawa.

Wakati ule jeshi la Ujerumani lilificha habari zake kwa mashini yenye kuitwa Enigma. Ukifinya herufi moja, ingine inawaka. Ndani mulikuwa magurudumu matatu, kila moja na nyuzi 26, na kila ukifinya, njia ya umeme inageuka. Polandi ilikuwa na Enigma ya biashara tu, ambayo nyuzi zake zilifungwa namna ingine. Ile ya jeshi hawakuwa nayo. Walikuwa na makaratasi ya habari zilizonaswa kwa redio, basi.

Rejewski aliona kosa moja. Mwanzo wa kila habari, askari alichagua herufi tatu, akazipiga mara mbili. Kwa hiyo herufi ya kwanza na ya ine zilificha kitu kimoja, ya pili na ya tano vilevile, ya tatu na ya sita vilevile. Akakusanya habari nyingi za siku moja, akazipanga, akaona zinashikana kama mnyororo. Kutoka pale akaandika hesabu zake. Wafaransa nao walisaidia: walinunua makaratasi ya siri kwa Mjerumani mumoja, wakayapatia Wapolandi.

Hata hivyo hesabu ilikwama. Nyuzi za kutoka kwenye kibao cha herufi kwenda kwenye magurudumu zilifuata mpango gani? Kwa mashini ya biashara, zilifuata mpango wa kibao chenyewe. Rejewski akawaza: labda Wajerumani wamezipanga tu A, B, C. Akajaribu, hesabu ikakubali. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1932, naye alikuwa na miaka 27. Mafundi wa Warszawa wakatengeneza Enigma ya jeshi ambayo hawajaiona hata siku moja.

Mwezi wa Julai 1939, wiki tano mbele ya vita, Wapolandi waliwaita Wafaransa na Waingereza katika pori la Pyry, wakawaonyesha yote. Waingereza wakajenga juu ya msingi ule. Kazi ya namna ile ilifika mpaka pwani ya Waswahili: mwaka 1942 Waingereza walikuwa na kituo Kilindini, Mombasa, wakisoma habari za meli za Japani.

Rejewski mwenyewe alikimbilia Ufaransa. Różycki akafa kwa ajali ya meli mwaka 1942. Mwaka 1943 Rejewski na Zygalski wakavuka milima kuingia Hispania, wakafungwa gereza, mwisho wakafika Uingereza. Kule wakapewa kazi ya mafumbo mengine, mbali na Enigma. Mwaka 1946 akarudi kwa bibi yake na watoto wawili. Mwaka uliofuata mtoto wake mwanaume akafa. Akafanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za umeme, polisi ya siri ikimuangalia, naye akinyamaza. Dunia ilianza kujua kazi yake katika miaka ya 1970. Akafa Warszawa tarehe 13 Februari 1980.

Mafundi wa leo wanafuata njia ileile. Wanashika kadi ya picha ya ordinatere ya zamani, ambayo wenye kuitengeneza hawakuacha maelezo, wanasoma programu iliyofungwa ndani ya chipu yake, pole pole wanajua vile inafanya kazi. Vipande vya kadi ile vinashikanishwa kwa bati, na bati linatoka kwa kasiteriti.

Juu ya nini tunawaeleza haya? Kwa wanunuzi wengi kuko mashini ndogo ya kusoma kasiteriti na koltani. Inatoa asilimia, na bei inakatwa palepale. Mchimbaji akiuliza, anajibiwa kwamba mashini imekwisha kusema. Lakini mashini ile inasoma tu pale imeelekezewa. Mchanga ukiwa na maji, ao haukuchanganywa vizuri, jibu linageuka.

Kwa hiyo tunaomba kila timu: kausheni mchanga, changanyeni, ombeni usomwe mara tatu. Kila jibu liandikwe katika kaye, pamoja na tarehe na kilo. Na kiloba kimoja kikipata nafasi ya kusomwa kwa mashini mbili, andikeni majibu yote mawili. Kisha leteni kaye zenu kwenye sendika. Kaye moja haitaonyesha kitu. Nyingi zikilinganishwa, tutajua mashini gani inasoma chini kila siku, na siku ya kubishana bei tutakuwa na kitu mukononi.