Karoli Lwanga, Mlezi wa Vijana wa Kasri

Siku ya Uhuru ni desturi yetu kuwasimulia watoto habari za waliotuongoza hadi Desemba 9, 1961. Safari hii tunawaletea habari za mtu aliyekufa miaka 75 kabla ya siku hiyo, tena upande wa pili wa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Buganda. Hakuongoza chama wala hakushika silaha. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu wengine, waliokuwa mbali na wazazi wao, ndani ya nyumba kubwa yenye mambo mengi ya kuwapoteza. Wazazi tulioko huku Uingereza nadhani tutamwelewa upesi.

Karoli Lwanga alizaliwa kama mwaka 1860, mtu wa ukoo wa Ngabi, yaani pongo. Karoli ni jina la ubatizo, nalo alilipata baadaye sana. Akiwa bado kijana alipelekwa kumtumikia chifu aitwaye Mawulugungu. Mambo ndivyo yalivyokuwa Buganda: mtoto wa kiume mwenye akili na adabu alitolewa kwao akakulie kwa mkubwa, na akionekana anafaa, siku moja angefikishwa kwa Kabaka mwenyewe. Kwa familia hiyo ilikuwa heshima na tumaini la kupata cheo. Mtoto naye alilala mbali na mama yake, akajifunza kuishi kwa amri ya watu asiowajua.

Nyumbani kwa Mawulugungu ndipo Lwanga alipoisikia dini mpya. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe, Wafaransa, wakafuata mwaka 1879. Aliyejulikana zaidi kati ya hao mapadre ni Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Lakini kabla yao wote walikuwapo Waislamu, wafanyabiashara wa pwani na Unguja, na hao ndio walioleta Kiswahili katika baraza la Kabaka. Kwa sababu hiyo masomo ya kwanza ya Kikristo kule yalitolewa kwa Kiswahili, na Injili ya kwanza ambayo vijana wengi wa Mengo waliisoma ilikuwa ya Kiswahili. Watoto wetu wanaosema Kiswahili hakina faida huku waambiwe hilo. Hata waumini walipewa jina la wasomaji, kwa kuwa katika Kiganda kusoma na kusali vilikuwa neno moja.

Mwaka 1882 mapadre walijiona hawana usalama chini ya Kabaka Mutesa, wakavuka ziwa kwenda Bukumbi, karibu na Mwanza yetu ya leo. Walikaa huko hadi 1885. Karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na padre hata mmoja, na mtu angetazamia dini hiyo changa ife. Haikufa. Walei waliichukua mikononi: Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya kasri, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba nje yake. Waliwafundisha wenzao usiku, waliwauguza wagonjwa wakati wa tauni, walibatiza waliokuwa karibu kufa. Kufikia wakati huo Mawulugungu alikuwa amefariki, na mwaka 1884 Lwanga na baadhi ya wenzake wakaingia katika utumishi wa Kabaka. Mutesa alipofariki Oktoba mwaka huo, kiti kikachukuliwa na mwanawe Mwanga, kijana ambaye hakuwa amefika hata miaka 20.

Vijana wa kasri walikuwa mamia. Walipeleka ujumbe, walifagia, walilinda milango, walisimama barazani wakingoja kuitwa. Lwanga aliwekwa kuwasimamia wale wa jumba la baraza, chini ya Balikuddembe. Masimulizi ya waliomjua yanamweleza kuwa mtu mwenye nguvu, mcheza mieleka hodari, mchangamfu. Husimuliwa pia kwamba alisimamia kundi la vijana katika kuchimba lile Ziwa la Kabaka, ambalo hadi leo lipo Kampala, na kwamba yeye mwenyewe aliingia kwenye udongo pamoja nao. Naona jambo hilo lilimjengea heshima kuliko hotuba yoyote. Kijana hutazama kwanza kama kiongozi wake anashika jembe, ndipo amsikilize.

Ugumu ulikuwa Kabaka mwenyewe. Mwanga aliwataka baadhi ya vijana hao kwa mambo ya aibu, na kijana aliyeitwa hakuwa na baba wala mjomba wa karibu wa kumkimbilia. (Wazazi watajua namna ya kuwaeleza watoto wao, kila mmoja kwa umri wake.) Kwanza Balikuddembe, kisha Lwanga, walijifanya ukuta. Waliopo hatarini walitumwa kazi za mbali, au walikuwa hawaonekani saa ile wanapotafutwa. Kila mara walipofanya hivyo walijua ghadhabu ya mfalme ingewaangukia wao.

Tusimwonee Mwanga. Alikuwa na hofu nyingine, na haikuwa ya bure. Ilikuwapo imani kwamba watakaoimeza Buganda watatokea mashariki. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alikuwa Usagara akiwatia machifu sahihi kwenye karatasi zake, na Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya Unguja kumtisha Sultani. Habari hizo zilifika Mengo. Katikati ya hofu hiyo, Askofu James Hannington wa Kianglikana akaja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Aliuawa kwa amri ya Kabaka mnamo Oktoba 29, 1885, yeye na wengi wa wapagazi wake waliotoka pwani. Wapagazi hao walikuwa na wake na watoto waliowangoja kwao, na ni nadra sana kutajwa.

Balikuddembe alithubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea kumwua askofu. Novemba 15, 1885, alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto. Usiku wa siku hiyohiyo Lwanga alikwenda kwa mapadre, ambao walikuwa wamekwisha kurudi, akabatizwa. Alikuwa mwanafunzi wa dini kwa miaka kadhaa bila kubatizwa, kwa maana mapadre wale walikuwa na desturi ya kumfundisha mtu muda mrefu kwanza. Sasa hakuona sababu ya kungoja. Kesho yake alirudi kazini kasrini, na vijana wa Balikuddembe wakawa wake.

Kwa muda wa miezi sita mlezi huyu aliamka kila siku bila kujua kama jioni itamkuta hai. Kutwa alikuwa mtumishi wa mfalme, na kazi hiyo aliifanya vizuri, maana hakuna aliyemshtaki kwa uvivu au hiana. Usiku aliwakusanya wachache wachache kwa sala na mafundisho. Wakristo waliogawanyika katika madhehebu mawili, ambao walimu wao wa Kizungu walibishana mbele ya Kabaka pasipo haya, vijana wao walilala chini ya paa moja na kujuana kwa majina. Februari 1886 moto uliteketeza kasri la Mengo, na Mwanga akahamia Munyonyo, kando ya ziwa.

Mei 25 Kabaka alirudi kutoka kuwinda viboko, hakupata kitu, na alipofika hakukuta watumishi wake. Alipouliza, ikabainika kwamba Mwafu, mtoto wa Katikkiro, ambaye ni waziri mkuu, alikuwa akifundishwa dini na kijana aitwaye Denis Ssebuggwawo. Ssebuggwawo alichomwa mkuki na Kabaka mwenyewe, na siku ya pili akamaliziwa na wauaji. Milango ya kasri ikafungwa. Usiku ule Lwanga aliwakusanya vijana wake, na kwa kuwa hakukuwa na njia ya kumfikia padre, akawabatiza yeye mwenyewe wale ambao hawajabatizwa. Miongoni mwao walikuwa Gyaviira, Mugagga, Mbaga Tuzinde na Kizito. Kizito alikuwa na kama miaka 14.

Asubuhi waliitwa barazani. Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge upande mmoja, na wasiosali wabaki karibu naye. Lwanga alikuwa wa kwanza kuondoka, na masimulizi yanasema alimshika Kizito mkono. Wengine wakafuata. Walifungwa kamba na kutembezwa hadi Namugongo, mahali pa kunyongea na kuchomea watu, na wengine waliuawa njiani.

Namugongo palikuwa pamekwisha kujulikana. Mwaka 1876, chini ya Mutesa, Waislamu wapatao 70 waliuawa hapo, wengi wao vijana wa kasri vilevile, kwa kushika dini yao na kukataa nyama ya mnyama asiyechinjwa na Mwislamu. Jumuiya yetu ina misikiti na makanisa ndani yake, basi tuwataje na hao.

Wafungwa walikaa kwa minyororo karibu wiki nzima, kuni zikikusanywa. Familia zao ziliyajua yote. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulelewa wa Mukaajanga, mkuu wa wauaji. Ndugu walimsihi akane kwa maneno tu, au akubali kufichwa. Alikataa. Mukaajanga akaamuru apigwe shingoni kwanza, afe kabla ya moto kumfikia. Nimesoma habari hizi mara nyingi, na hapo ndipo ninapokwama kila mara. Yule mzee hakuweza kumwokoa mtoto wake, akampa huruma pekee iliyobaki mkononi mwake.

Juni 3, 1886, ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa na wenzake. Alichomwa peke yake, kwa moto wa taratibu ulioanzia miguuni, mbele kidogo ya mahali pa wengine. Wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walizungushiwa mikeka ya matete na kulazwa juu ya kuni. Alikuwa na umri wa kama miaka 25. Hakuwa na mke wala mtoto.

Vijana watatu waliondolewa dakika ya mwisho: Denis Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe. Kwa sehemu kubwa tunajua yaliyotokea Namugongo kwa sababu Kamyuka aliishi akayasimulia. Mateso yaliendelea hadi Januari 1887, na hesabu inayokubaliwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Mwanga naye hakukaa sana. Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi hadi Magu, kusini mwa ziwa, na baada ya kuishi huko kwa shida akaenda kuomba hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi. Walimpokea. Wakristo wa Buganda, ndugu na marafiki wa wale aliowaua, ndio waliopigana kumrudisha katika kiti chake. Mwishowe Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafariki mwaka 1903.

Lwanga na wenzake walitangazwa wenye heri mwaka 1920. Mwaka 1934 Papa Pius XI alimweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika, na Oktoba 18, 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wote 22 mjini Roma. Siku hiyo Papa aliwataja pia Waanglikana waliokufa, jambo lisilotarajiwa na wengi kwa wakati ule. Basilika la Namugongo, lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda na nguzo 22, linasimama pale alipochomwa Lwanga. Pa Waanglikana ni karibu tu, unaweza kwenda kwa miguu.

Watanzania huenda Namugongo kila Juni kwa maelfu. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa mahujaji hao baada ya kung'atuka, na siku hizi, mwanzoni mwa Juni, hufanyika ibada ya kumwombea yeye mwenyewe palepale. Wengine hutoka mbali kwa miguu, na vijana wa kwaya hubeba mikeka yao na vyungu, maana watu hulala nje siku kadhaa.

Katika orodha ya familia za jumuiya yetu, aliyekaa na karatasi za uanachama atawaonyesha akina Kizito, Lwanga, Mulumba, Gonzaga, na Mugagga mmoja au wawili, wala hakuna kati yao aliye Mganda. Ni Wahaya, Wasukuma, Wachaga, Wangoni. Mtoto anayetaka kujua zaidi aanze kwa kumwuliza mzee wake nani alimpa jina hilo.