John Browning, fundi wa bunduki aliyefia Ubelgiji: silaha zake za kale zinatengenezwa tena leo

Tarehe 26 Novemba 1926, mzee wa miaka 71 alikufa kwa ugonjwa wa moyo ndani ya kiwanda cha silaha cha Herstal, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji. Alikuwa amefika pale kufuatilia kazi yake, jinsi alivyozoea kufanya kwa zaidi ya miaka 20. Maiti yake ilivushwa bahari mpaka Marekani, akazikwa Ogden, mji aliozaliwa.

Huyo ndiye John Moses Browning. Aliandikiwa hataza 128, yaani hati za serikali zinazolinda uvumbuzi wa mtu kwa muda fulani. Kati ya silaha alizobuni kuna bastola, bunduki za rashasha, na zile bunduki za uwindaji zenye mkono wa chuma chini, ambazo watu wengi wanazifahamu kwa filamu za cowboy. Hizo za mwisho ni za karne ya 19, lakini leo zinatoka mpya kabisa katika viwanda vya Japani, Italia na Brazil. Viwanda hivyo vinafuata umbo alilolichora yeye, na haviwajibiki tena kulipia uvumbuzi wake.

Mtoto wa fundi

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855, Utah, ambayo wakati huo haikuwa bado jimbo la Marekani. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki na muumini wa kanisa la Wamormoni. Alihamia Utah mwaka wa 1852 pamoja na waumini wenzake waliokuwa wanafukuzwa huku na kule. Jonathan alikuwa na wake watatu na watoto 22. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutengeneza bunduki za kupiga mara nyingi bila kujaza risasi moja moja, wakati ambapo wengi hawakuwa wameiona silaha ya namna hiyo.

John alikulia katika karakana ya baba yake, katikati ya vyuma vibovu na bunduki zilizoletwa kutengenezwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka kama 10 aliunga bunduki yake ya kwanza kwa mabaki ya vyuma, akaenda kuwinda ndege nayo. Shule aliiacha akiwa kijana wa miaka kama 15. Ufundi aliendelea kujifunza kwa mikono: alifikiri kitu kichwani, akakata chuma, akajaribu, akasahihisha. Michoro mikubwa ya kitaalamu haikuwa desturi yake.

Mwaka wa 1879 ulikuwa mzito kwake. Alioa Rachel Teresa Child, baba yake akafariki, na mwezi wa Oktoba akapata hataza yake ya kwanza, ya bunduki ya risasi moja. Yeye na ndugu zake walifungua karakana Ogden wakaanza kuitengeneza wenyewe, kwa vyombo vichache. Walifikisha bunduki kama 600.

Winchester anabisha mlango

Mwaka wa 1883, mtu wa biashara wa kampuni ya Winchester aliokota moja ya bunduki hizo, akaituma makao makuu New Haven, upande wa pili wa Marekani. Wakubwa wa kampuni waliona hatari mara moja. Thomas Bennett, aliyekuwa anaongoza shughuli za kampuni, alipanda treni mpaka Ogden kumtafuta fundi huyo. Alimkuta kijana wa miaka 28 katika duka la ndugu wa familia moja. Haki za bunduki hiyo zilinunuliwa kwa dola 8.000, na mwaka wa 1885 Winchester ikaitoa kwa jina lake.

Hapo ndipo zinaanza bunduki za wenzo za Browning. Si yeye aliyevumbua mtindo huo. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake mwaka wa 1860, kisha zikafuata Winchester za mwaka wa 1866 na 1873. Namna ya kuzitumia ni moja: chini ya bunduki kuna mkono wa chuma unaozunguka kifyatuo. Mpigaji anausukuma chini na mbele, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linaruka nje na nyundo inakaa tayari. Akiurudisha, risasi mpya inapanda kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu.

Shida ya zile za kwanza ilikuwa nguvu. Viungo vilivyoshikilia risasi wakati wa kulipuka vilikuwa kama goti la mtu: vinakunjuka na kukunjika. Vilifaa kwa risasi ndogo tu. Browning aliweka nguzo mbili za chuma zinazopanda na kushuka pembeni, zikifunga sehemu ya nyuma kama komeo la mlango. Hiyo ndiyo bunduki ya mwaka wa 1886, iliyoweza kupiga risasi kubwa za wawindaji wa dubu na nyati. Kisha kampuni ikamwomba aifanye ndogo na nyepesi. Inasimuliwa kwamba Bennett alimpa muda wa miezi mitatu, na malipo zaidi kama angemaliza kwa miwili, naye Browning akaahidi kumaliza kwa siku 30 ama asilipwe kitu. Akamaliza. Ikawa bunduki ya mwaka wa 1892, na zaidi ya milioni moja zilitengenezwa.

Ile ya mwaka wa 1894 ilizipita zote kwa mauzo. Mwaka uliofuata ilianza kutumia risasi za baruti isiyotoa moshi mwingi, na katika miaka zaidi ya 100 iliyofuata zilitengenezwa zaidi ya milioni saba. Ya mwaka wa 1895 ilibadili mahali pa risasi: badala ya bomba, zilikaa katika kisanduku cha chini, ili risasi zenye ncha kali zisigongane. Urusi iliagiza karibu 300.000 za namna hiyo wakati wa vita kuu ya kwanza. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alikuja nayo Afrika mwaka wa 1909. Safari yake ilianzia Mombasa na kupita Uganda, ikafika mpaka Lado, ng'ambo ya mto Nile, eneo lililokuwa bado chini ya utawala wa Kongo.

Katikati ya kazi hiyo yote, Browning aliacha karakana kwa miaka miwili, kuanzia 1887. Kanisa lake lilimtuma kuhubiri katika jimbo la Georgia. Alikwenda akiwa mtu anayejulikana tayari katika biashara ya silaha, akatembea nyumba kwa nyumba kama wahubiri wengine.

Ugomvi wa mwaka 1902

Kwa karibu miaka 20 utaratibu na Winchester ulikuwa ule ule: Browning analeta bunduki, kampuni inalipa mara moja, mambo yanakwisha. Kampuni ilinunua kwake mifano zaidi ya 40. Mingi haikutengenezwa hata siku moja. Iliwekwa kabatini ili isiangukie mikono ya washindani. Fundi alilipwa, lakini kazi yake ilizikwa, na ile iliyouzwa kwa mamilioni haikumletea senti ya ziada.

Mwaka wa 1902 alileta bunduki ya kalibre 12 inayojijaza yenyewe kila inapopigwa, kitu ambacho hakikuwapo sokoni. Safari hii alitaka sehemu ya fedha kwa kila bunduki itakayouzwa. Bennett alikataa. Browning akachukua bunduki yake akaondoka, na hakuwauzia tena.

Alikwenda kwanza kwa kampuni ya Remington. Siku ya miadi, mwezi wa Januari, mkubwa wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, alikufa ghafula kabla hawajaonana. Browning akapanda meli kwenda Ubelgiji. Kule Herstal kulikuwa na kiwanda cha Fabrique Nationale, FN, kilichoanzishwa mwaka wa 1889 ili kutengeneza bunduki 150.000 za jeshi la Ubelgiji. Kilikuwa kimekwisha kuanza kutoa bastola zake, na kilikubali masharti ambayo Winchester iliyakataa.

Uamuzi huo ulibadili maisha ya pande zote mbili. Browning alivuka bahari mara nyingi kwenda Herstal, na mwana wake Val akafanya kazi pale. Kufika mwanzo wa mwaka 1914, FN ilikuwa imetengeneza bastola milioni moja za Browning, naye akapewa nishani ya mfalme Leopold. Miezi michache baadaye, tarehe 28 Juni 1914, bastola mojawapo iliyotoka Herstal ilimwua mrithi wa ufalme wa Austria katika mji wa Sarajevo. Mauaji hayo yaliwasha vita kuu, na Herstal yenyewe ikavamiwa na Wajerumani.

Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917, Browning aliipa serikali yake bunduki za rashasha kwa malipo madogo sana kuliko yale ambayo angeweza kudai. Mwaka wa 1918, Val mwenyewe, akiwa ofisa kijana wa jeshi, alizipeleka Ufaransa kuwafundisha askari. Bunduki nzito ya milimita 12,7 iliyotokana na kazi ya miaka hiyo bado imefungwa juu ya magari ya majeshi mengi duniani.

Kazi inayomzidi mwenyewe

Siku aliyokufa, Browning alikuwa anashughulika na bastola mpya. Mbelgiji Dieudonné Saive, aliyekuwa amefanya kazi karibu naye, ndiye aliyeimaliza. Ilitoka kwa jina la GP mwaka wa 1935. Saive huyo huyo alibuni baadaye FAL, bunduki ambayo askari wa Kongo waliibeba kwa miaka mingi, na ambayo wazee wa Mashariki walioona vita vya miaka ya 1960 wanaifahamu vizuri.

Zile bunduki za wenzo, kwa upande wao, zilichukua njia nyingine. Majeshi yaliziacha, wawindaji wengi wakahamia silaha za kisasa, na mwaka wa 2006 kiwanda cha New Haven kilifungwa. Watu wakafikiri mambo yamekwisha. Lakini hataza za Browning zilikuwa zimepita muda wake tangu zamani, na kila mwenye mashini na chuma kizuri alikuwa huru kutengeneza.

Rossi ya Brazil ilijulikana kwa kopi za bunduki ya mwaka 1892. Huko Italia, Uberti inatengeneza kopi za Henry na za Winchester za kwanza, na Chiappa zile za Browning. Kiwanda cha Miroku nchini Japani kinatoa za mwaka 1886, 1892, 1894 na 1895 zenye jina la Winchester. Kwa macho ni bunduki za kale. Ndani, chuma ni bora kuliko kile cha zamani, vipande vinakatwa kwa mashini zinazoongozwa na kompyuta, na nyingi zimeongezewa kifungio cha usalama ambacho fundi wa Ogden hakukiweka. Wapenzi wa vitu vya kale wanakinung'unikia kifungio hicho. Wanunuzi ni wawindaji, wakusanyaji, na washiriki wa mashindano ya shabaha wanaovaa nguo za cowboy, michezo iliyoenea Marekani tangu miaka ya 1980. Filamu pia zilisaidia, ingawa mara nyingi zilidanganya tarehe: bunduki ya mwaka 1892 ilionekana mikononi mwa John Wayne katika hadithi za miaka ambayo ilikuwa haijabuniwa bado.

Kuna jambo moja ambalo Browning asingelitegemea. Bunduki za Winchester zinazouzwa leo zinapitia kampuni iliyo katika kundi moja na FN ya Herstal, mali ya serikali ya jimbo la Wallonie, Ubelgiji. Mifano aliyoiuza mara moja tu kwa waliomnyima sehemu yake imeishia katika nyumba ya wale waliomkubalia.

Katika jumba la makumbusho la Ogden, ndani ya kituo cha zamani cha treni, bunduki zake za kwanza zimewekwa ndani ya vioo, na wageni wanakuja kuzitazama. Kwa mnunuzi wa Marekani au Italia, kopi ya Winchester ni kitu cha kupamba ukuta au cha mchezo wa siku ya mapumziko. Kwa mtu wa Kivu au Ituri, silaha ni kijiji kilichokimbiwa na ndugu waliozikwa njiani. Browning alipigania bei ya haki kwa kazi ya mikono yake, na mwishowe aliipata. Lakini hakuna hataza hata moja, kati ya zile 128, iliyompa uwezo wa kuchagua bunduki zake zingeshikwa na nani.