Andrew Hallidie na Tramu za Kamba

Wazee wenzangu tuliokariri habari za msuguano kwa ajili ya mtihani, na vijana mlioko madarasani sasa, tunapaswa kumfahamu Andrew Smith Hallidie. Kazi yake bado inapanda na kushuka vilima vya San Francisco, Marekani.

Alizaliwa London, mtoto wa fundi aliyebuni kamba za nyaya. Mwaka 1852, kabla hajatimiza miaka 20, alifuatana na baba yake California kutafuta dhahabu. Baba alirudi, kijana akabaki, akafua vyuma, akajenga madaraja ya kuning'inia, na hatimaye akafungua kiwanda cha kamba za nyaya.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1869 aliona farasi wakivuta tramu mlimani penye utelezi, wakaanguka na kuburuzwa chini. Akawaza: kamba izunguke chini ya barabara ikivutwa na mtambo wa mvuke, na gari liikamate kwa koleo. Alfajiri ya tarehe 2 Agosti 1873, katika mtaa wa Clay, dereva aliyeajiriwa alitazama bonde lililofunikwa na ukungu, akakataa. Hallidie akashika koleo mwenyewe, akashuka salama.

Hapa ndipo penye somo la fizikia. Magurudumu ya tramu hii hayavuti. Yanabeba tu na kusaidia kufunga breki. Chuma juu ya chuma chenye maji huteleza. Gurudumu likibanwa mno husimama na kuburuzika juu ya reli, likasagika upande mmoja, kisha kila mzunguko hugonga reli. Kwa hiyo pana breki ya pili: vipande vya mbao vinavyokandamiza reli yenyewe. Mbao hizo huisha upesi, nazo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Afadhali mbao iishe kuliko gurudumu! Hayo yote yakishindikana, dereva huteremsha kabari ya chuma katika ufa wa njia. Mara nyingine hukwama hata ikabidi ikatwe kwa moto wa gesi.

Hallidie alikuwa pia mjumbe wa baraza la Chuo Kikuu cha California tangu 1868 hadi alipofariki Aprili 1900. Njia yake ya Clay haipo tena, na mwaka 1947 hata zilizobaki zilikaribia kufutwa, ila wananchi, wakiongozwa na Bibi Friedel Klussmann, walizitetea kwa kura. Mwaka 1964 zikatangazwa kumbukumbu ya taifa.

Lakini tangazo halizuii chuma kuchakaa. Sisi tulio serikalini tunajua fungu la matengenezo ndilo hukatwa kwanza. Reli, mitaro na mitambo ilizeeka kiasi cha kuhatarisha abiria, na Septemba 1982 huduma yote ikafungwa. Watalii walisikitika, wenye maduka wakanung'unika, njia ikachimbuliwa na kujengwa upya. Tramu zilirudi kazini Juni 1984.