RAYMOND LINDEMAN, KIJANA ALIYEPIMA NGUVU YA CHAKULA

Mara hii tunawaelezea maisha ya kijana mmoja ambaye wenye kusoma biolojia mahali pengi duniani wanamtaja jina, ingawa aliishi miaka 26 tu.

Raymond Lindeman alizaliwa tarehe 24 Julai 1915 katika jimbo la Minnesota, kule Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma kwanza katika chuo cha Park, jimbo la Missouri, halafu akarudi kwao kutafuta udaktari kwenye universite ya Minnesota.

Jimbo lile lina maziwa maelfu. Yeye akachagua ziwa dogo sana, Cedar Bog Lake, lenye maji mafupi, matope mingi na majani. Karibu miaka mitano alipima mambo ya lile ziwa, na bibi yake Eleanor alimsaidia katika kazi. Walichota maji, walichimbua matope, walihesabu majani, wadudu na samaki.

Alitafuta nini? Mwaka 1927 Mwingereza Charles Elton alikuwa ameandika juu ya mnyororo wa chakula: nani anakula nani. Lindeman akauliza swali lingine: anayekula anapata nguvu kiasi gani? Basi akageuza vyote kuwa kalori, sawa vile mchuuzi anavyogeuza chumvi, mbuzi na kitambaa kuwa hesabu moja ya feza.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kwa mwaka mmoja, juu ya kila sentimeta mraba ya ziwa, jua lilileta kalori 118 872. Majani makubwa na yale madogo yasiyoonekana kwa macho yalishika 111,3 tu. Hata moja kwa elfu haifiki. Wanyama wanaokula majani walipata 14,8. Wale wanaokula wanyama hao walipata 3,1.

Ingine imeenda wapi? Kila kiumbe kinatumia nguvu kwa kupumua na kutembea, na nguvu hiyo inatoka kama joto, hairudi tena. Tena vingi vinakufa bila kuliwa, vinashuka katika matope, na mikrobi inavioza. Kumbe udongo wa chakula unazunguka na kurudi kwa majani, lakini nguvu inapita mara moja tu. Jua lisipowaka, mnyororo wote umekwisha.

Mwaka 1941 alienda kwenye universite ya Yale, kwa profesa G. Evelyn Hutchinson. Wakati ule ugonjwa wa ini ulikuwa unamwangusha. Aliandika andiko lake, akalituma kwa gazeti Ecology. Wataalamu wawili wa maziwa walilikataa: mawazo ni mengi, maziwa yaliyopimwa ni machache. Hutchinson hakunyamaza. Alimwandikia mkubwa wa gazeti kumtetea kijana wake. Lindeman naye akasahihisha, akatuma tena, na likakubaliwa.

Lakini hakuliona limechapwa. Alikufa tarehe 29 Juni 1942, na andiko likatoka Oktoba ya mwaka ule. Leo wanafunzi wa ekolojia bado wanalisoma.

Sisi wenye kuijua Tanganika tunaweza kufikiri kwa mfano wetu. Majani madogo ya maji yanaliwa na wadudu wadogo, wadudu wanaliwa na ndakala, ndakala analiwa na mukeke, na mukeke tunamla sisi. Kila ngazi inakula sehemu yake. Ili mukeke mmoja akomae, ndakala wengi wamekwisha kuliwa. Kwa hiyo mwenye kumaliza ndakala kwa nyavu za matundu madogo, asishangae mukeke akipotea naye.

Wenzetu, yule kijana hakuwa na ziwa kubwa wala maisha marefu. Alipima vizuri kile kilichokuwa mbele yake, na alipokataliwa hakuacha kazi.