ALFRED BINET NA MASWALI YAKE THELATHINI

Na Mwanachama, Kidato cha 3 Mashariki

Mlezi wa chama chetu alipotuagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, wenzangu walimgombania Shaaban Robert kama mpira wa kona. Waliomkosa wakakimbilia kwa Mekatilili wa Menza na Dedan Kimathi. Nilipomtaja Mfaransa aitwaye Alfred Binet, darasa lilipasuka kwa kicheko. Eti huyo ni mshambulizi wa timu gani? Sikuwalaumu. Wasomi wa saikolojia dunia nzima wanamjua, lakini hata mimi nisingemjua lau si ndugu yangu mdogo.

Ndugu yangu huyu ni kitinda mimba wetu. Mwaka jana, akiwa na miaka minane, mama aliitwa shuleni akaelezwa kuwa mtoto yuko nyuma ya wenzake, akiitwa haitiki, na kwamba apelekwe kupimwa ili apate barua ya kuingia kitengo maalumu. Bila barua hiyo hapokelewi. Mama alikataa mihula miwili mizima, kwa maana mtaani kwetu watoto wa kitengo wamebandikwa majina ambayo hayaandikiki katika gazeti la heshima kama hili. Likizo ya Agosti alikubali shingo upande, nami nikawasindikiza. Kule kituoni mama aliambiwa angoje nje. Mimi niliingia kwa sababu mtoto alikuwa ameng'ang'ania shati langu kama kupe. Mpimaji akamwuliza kiti ni nini. Akajibu kuwa ni cha kukalia, basi, akanyamaza. Loo! Niliona aibu. Nilidhani amejibu kipumbavu, nikafungua kinywa nimsaidie, nikatolewa nje mara moja.

Usiku ule nilijiuliza ni nani hasa aliyeanza mambo haya ya kumkalisha mtoto na kumpima kwa maswali. Ndipo nikakutana na Binet vitabuni.

Huyu bwana alizaliwa mwezi wa Julai mwaka wa 1857 huko Nice, mji wa pwani ambao wakati huo ulikuwa wa ufalme wa Sardinia. Ufaransa iliuchukua mwaka wa 1860. Baba yake alikuwa daktari na mama yake mchoraji. Wazazi hao walitengana, naye akalelewa na mama. Inasimuliwa kuwa babake, alipoona mtoto ni mwoga, alimlazimisha kugusa maiti ili apate ushujaa. Ushujaa gani huo! Hofu ndiyo iliyozidi.

Alipelekwa Paris akasoma katika shule ya Louis-le-Grand, na mwaka wa 1878 akapata shahada ya sheria. Sheria haikumkaa. Akajaribu udaktari, akauacha pia. Siku hizi angeambiwa hajui anachotaka. Kumbe alikuwa akijifungia katika Maktaba ya Taifa akisoma vitabu vya saikolojia, bila mwalimu wala mtihani.

Kuanzia mwaka wa 1883 alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière chini ya Jean-Martin Charcot, daktari aliyekuwa na jina kubwa kweli kweli. Pale wagonjwa walikuwa wakipumbazwa hadi wakawa kama watu waliolala huku wanasikia na kujibu. Binet na mwenzake Charles Féré wakatangaza kuwa sumaku inaweza kuhamisha ganzi ya mgonjwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi wa pili. Mbelgiji mmoja, Joseph Delboeuf, akafunga safari kwenda kutazama. Akakuta majaribio yanafanywa waziwazi mbele ya mgonjwa mwenyewe, ambaye aliona kila kitu na kujua anachotarajiwa kufanya. Sumaku haikuwa na kazi yoyote pale. Binet alijitetea kwanza, lakini baadaye akakiri kosa lake. Nimekawia hapa makusudi kwa sababu naona jambo hili ndilo lililomfinyanga. Tangu siku hizo alijua kwamba mpimaji anaweza kumtilia mpimwa jibu kinywani bila hata yeye mwenyewe kujua.

Mwaka wa 1884 alimwoa Laure Balbiani, wakajaliwa mabinti wawili, Madeleine na Alice. Wasichana hawa wakawa darasa la baba yao. Madeleine alipojifunza kutembea alikuwa mwangalifu, habanduki alipo mpaka aone mbele yake pa kushika. Alice yeye alijitosa tu katikati ya chumba, akipepesuka na kucheka. Wote wawili walifika walikokuwa wakienda, kila mmoja kwa mwendo wake, na baba aliyaandika hayo yote.

Mwaka wa 1891 alijiunga na maabara ya saikolojia ya Sorbonne bila mshahara, na 1894 akawa mkurugenzi wake. Enzi hizo wataalamu wengi waliamini kuwa kichwa kikubwa ndicho chenye akili. Binet naye akachukua vyombo vyake akaingia shuleni, akapima vichwa vya wanafunzi ambao walimu waliwataja kuwa werevu kabisa na wale waliowataja kuwa wazito kabisa. Tofauti aliyoipata mara nyingi ilikuwa kama milimita moja hivi, jambo la kuchekesha. Tena akaanza kuushuku mkono wake mwenyewe, isije ikawa unakipunguza kichwa cha yule aliyekwisha kuambiwa ni mjinga. Njia hiyo akaiacha.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka wa 1882 kwamba kila mtoto wa miaka 6 hadi 13 lazima asome. Vizuri sana. Lakini madarasa yalipojaa wakaonekana watoto ambao masomo ya kawaida hayakuwafaa. Wapelekwe wapi? Wako waliotaka wapelekwe katika hospitali za wenye wazimu. Na nani aamue? Madaktari wenyewe hawakuelewana. Binet alionyesha kuwa mtoto yule yule aliweza kupewa cheti chenye jina moja la upungufu wa akili leo, na kesho akapewa na daktari mwingine cheti chenye jina jingine. Walimu nao hawakuaminika moja kwa moja, maana mwalimu anaweza kutaka tu kumwondoa mtukutu. Wazazi vivyo hivyo, huyu anaficha mtoto kwa aibu, yule anataka serikali imlishe.

Mwaka wa 1904 waziri wa elimu aliunda tume, Binet akiwa mmoja wa wanachama. Tume ikakubaliana kuwa asiondolewe mtoto yeyote katika darasa la kawaida na kupelekwa darasa maalumu kabla hajachunguzwa na kuthibitika kuwa kweli darasa la kawaida halimfai. Wakubwa wakatoka mkutanoni. Namna ya kumchunguza hawakuileta, na Binet ndiye aliyeona pengo hilo. Akishirikiana na daktari kijana Théodore Simon, alitoa mwaka wa 1905 kipimo cha mambo 30, kutoka jepesi hadi gumu. Jambo la kwanza ni kuona kama mtoto anafuata kwa macho kiberiti kilichowashwa. Mbele kidogo anapewa kipande cha mti na kipande cha chokoleti, aonekane kama anajua kipi ni chakula. Kisha kutaja vitu pichani, kurudia tarakimu tatu, kueleza nyumba ni nini, farasi ni nini, uma ni nini. Kutofautisha nzi na kipepeo. Mwishoni yalikuwapo hata maswali ya kutofautisha maneno mawili ya hisia yanayokaribiana maana, ambayo hata sisi wa kidato cha tatu tungetoka jasho.

Mwaka wa 1908 waliyapanga upya maswali kwa umri, miaka 3 hadi 13. Hapo ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Kueleza kitu kwa kazi yake, yaani kusema kiti ni cha kukalia, kulitarajiwa kwa mtoto wa miaka 6. Jibu la juu zaidi ya hilo lilingojwa mpaka miaka 9. Ndugu yangu alikuwa na minane! Jibu nililolionea aibu halikuwa na kasoro yoyote.

Binet hakutaka maswali yale yatumike peke yake. Kwanza mwalimu aangalie mtoto amechelewa madarasa mangapi. Aliye chini ya miaka 9 atiliwe shaka akiwa nyuma kwa miaka miwili, na aliyepita 9 kwa miaka mitatu. Hata hivyo iulizwe kwanza kama alikuwa mgonjwa au hakuwa akija shuleni, maana huyo hakuchelewa kwa sababu ya akili. Halafu ndipo aulizwe maswali, faraghani, na mtu mpole. Halafu daktari aangalie mwili. Yeye na Simon walitengeneza pia kipimo cha macho cha kutumiwa na walimu, kwa kuwa kuna mtoto anayeitwa mzito kumbe haoni ubao.

Sheria ya tarehe 15 Aprili 1909 iliruhusu madarasa maalumu katika shule za umma. Mtoto aliingia baada ya kuchunguzwa na mkaguzi wa shule, mwalimu wa shule hizo na daktari, na mtu wa jamii ya mtoto alialikwa kila mara kuhudhuria. Niliposoma hapo nilimkumbuka mama, jinsi alivyoketi kwenye benchi la nje akiusokota mkoba wake. Sheria yenyewe haikulazimisha miji, basi madarasa yaliyofunguliwa mwanzoni yalikuwa machache.

Mwaka huo huo Binet alitoa kitabu kuhusu watoto, akiwapinga vikali waliosema kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Katika madarasa maalumu watoto walifundishwa kwanza kutulia na kukumbuka. Walicheza kuwa sanamu, wasitikisike hata kope. Walionyeshwa kadi yenye vitu tisa kwa sekunde chache, kisha waandike walivyoviona. Wabunge waliokuja kutembea waliomba kujaribu, wakashindwa na watoto wadogo!

Mauti yalimfika tarehe 18 Oktoba 1911, akiwa na miaka 54. Hakuwahi kupewa kiti cha uprofesa pale Paris.

Baada ya yeye kufa, kipimo chake kiliponyoka. Mjerumani William Stern alikwisha kupendekeza 1912 umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mtoto akawa namba. Marekani, Henry Goddard na Lewis Terman waliyaeneza maswali wakiamini kuwa akili hurithiwa wala haibadiliki. Mwaka wa 1927 mahakama kuu ya nchi hiyo iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi kwa nguvu msichana aliyepimwa kwa maswali ya ukoo huo. Huko California ilibidi mahakama ikataze, mwaka wa 1979, kutumia vipimo vya akili kuwatia watoto weusi katika madarasa ya wazito, kwani walikuwa wakijazwa humo kupita kiasi. Kitu kilichotungwa ili mtoto asionewe ndicho kilichotumiwa kumwonea.

Hapa Kenya huduma ya kupima watoto ilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na tangu 1986 chuo cha KISE, Nairobi, kimekuwa kikiwafunza walimu wa elimu maalumu. Barua ya ndugu yangu ilitoka baada ya wiki tatu. Daktari alikuta sikio la kulia lina usaha wa siku nyingi. Ndiyo maana akiitwa haitiki. Ametibiwa. Barua inasema akae mbele darasani, aende kitengo saa za kusoma tu, kisha apimwe tena baada ya mwaka mmoja. Mama ameiweka ndani ya bati la vyeti vya kuzaliwa, na ameapa kuwa safari hii hataketi nje.

Agosti i karibu. Jioni, baada ya chakula, mimi na ndugu yangu tunapanga vitu tisa kwenye sinia: kijiko, kifuniko cha soda, ufunguo, kalamu, chochote. Tunahesabu hadi tano, tunafunika kwa kanga ya mama. Jana yeye alikumbuka vinane. Mimi sita.