Elliott: Mhasibu aliyesoma mawimbi ya soko la hisa

NI wachache katika historia ya masoko ya hisa walioacha jina kubwa kama Ralph Nelson Elliott, mhasibu wa Marekani aliyeanza uchambuzi wa bei akiwa na umri wa takribani miaka 60, tena akiwa mgonjwa.

Elliott alizaliwa Julai 28, 1871, mjini Marysville, jimbo la Kansas. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia akitunza hesabu za mashirika ya reli nchini Mexico na Amerika ya Kati. Mnamo 1924, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimteua kuwa mhasibu mkuu nchini Nicaragua. Baadaye alihudumu katika shirika la reli nchini Guatemala, ambako maradhi ya tumbo yaliyosababishwa na amiba yalimdhoofisha hata akalazimika kustaafu na kurejea California.

Wakati huo masoko nayo yalikuwa yakiugua. Kipimo cha Dow Jones, kilichofika alama 381 mnamo Septemba 1929, kilianguka hadi 41 kufikia Julai 1932. Wengi waliokuwa na akiba katika hisa walibaki mikono mitupu.

Akiwa kitandani, Elliott alikusanya chati za bei za miaka 75 akazichunguza kwa ustahimilivu wa mtu aliyezoea madaftari ya hesabu: za mwaka, mwezi, wiki, siku, hata za nusu saa. Wahenga walinena kuwa maji yakijaa hupwa, lakini Elliott alitaka kujua yanapwa kwa mpango gani.

Jibu lake lilikuwa kwamba bei husonga mbele kwa mawimbi matano, kisha hurudi nyuma kwa mawimbi matatu ya marekebisho. Marekebisho hayo aliyagawa katika maumbo makuu. La kwanza ni zigizaga, ambapo bei hushuka, hupanda kidogo, kisha hushuka tena kupita pale iliposhukia awali. La pili ni bapa, ambapo wimbi la katikati hurudi karibu na lilikoanzia la kwanza. La tatu ni pembetatu, yenye miondoko mitano inayozidi kubanana.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Wimbi la katikati hupanda kwa namna ya kuvutia hata mnunuzi akadhani msukosuko umekwisha, kumbe mshuko mwingine ungali njiani. Kwa hivyo, wanaomfuata Elliott hungoja marekebisho yakamilike ndipo wanunue. Isitoshe, kanuni zake huonyesha mahali pa kukiri kosa: wimbi la pili likishuka kupita chanzo cha la kwanza, hesabu imeharibika na mwekezaji hana budi kujiondoa.

Machi 13, 1935, bei zikiwa zinaporomoka, Elliott alimpelekea telegramu Charles Collins, mchapishaji wa jarida la uwekezaji mjini Detroit, akimwarifu kuwa mshuko ulikuwa ukifikia kikomo. Katika siku zizo hizo bei ziligusa chini, kisha zikapanda hadi mwaka wa 1937. Collins alisadiki, akamsaidia kuandaa kitabu chake cha kwanza kuhusu mawimbi, kilichochapishwa mwaka wa 1938. Mwaka uliofuata, Elliott aliandikia jarida la Financial World mfululizo wa makala, na mnamo 1946 akatoa kitabu kilichodai kuwa kanuni hiyo ni sheria ya maumbile yote.

Dai hilo halikukubaliwa na wote. Wasomi wengi wa uchumi hushikilia kuwa nadharia yake haijathibitishwa, na wachambuzi wawili wanaweza kuitazama chati moja wakahesabu mawimbi tofauti. Aghalabu umbo la marekebisho hubainika vyema baada ya kupita, ilhali anayeweka fedha zake huhitaji kulijua mapema.

Elliott alifariki Januari 15, 1948, jijini New York, akiwa na umri wa miaka 76. Kazi yake ilififia hadi 1978, A. J. Frost na Robert Prechter walipoifufua kwa kitabu kilichosomwa na wengi. Leo programu za kompyuta huchora kwa sekunde chache chati alizozichambua kwa miaka, lakini uamuzi wa kungoja wimbi la mwisho ungali wa mwenye fedha mwenyewe.